Umeambiwa umeshinda? Utatuzi wa zawadi na madodoso feki unaponunua mtandaoni

Ulikuwa unatafuta viatu tu. Umebofya kiungo cha tatu, skrini ikawa nyeupe kwa sekunde moja, simu ikatetemeka mkononi, na vipande vya karatasi za rangi vikaanza kudondoka kutoka juu ya ukurasa: hongera, wewe ni mteja uliyechaguliwa leo, jibu maswali manne uchukue simu mpya. Viatu umeshavisahau.

Wengi wanaoniuliza kuhusu kurasa hizi huanza na swali moja: "Hivi hii zawadi ni ya kweli?" Tapeli anapenda sana uhangaike na swali hilo, maana picha ya zawadi haimgharimu kitu na anaweza kuibadilisha kila saa. Swali linalojibika ni jingine: ukurasa huu unaniomba nini, na nimeshatoa nini? Maombi yenyewe hayazidi matano. Wanataka mawasiliano yako, kadi yako, namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako, watu wako, au ruhusa ndani ya kivinjari chako. Kila ombi lina madhara yake na tiba yake, na tiba ya moja haiponyi jingine. Aliyetoa namba ya kadi hasaidiki kwa kufuta historia ya kivinjari, na aliyebofya "Ruhusu" hana haja ya kukimbilia benki.

Basi tafuta dalili yako hapa chini uanzie hapo. Kama umetoa namba ya kadi au namba ya uthibitisho, nenda moja kwa moja kwenye sehemu hizo; mengine yatakusubiri.

Dalili: ukurasa wa hongera umejitokeza wenyewe na haufungiki

Mara nyingi chanzo ni tangazo. Nafasi za matangazo kwenye tovuti nyingi huuzwa kwa mnada wa kompyuta unaomalizika kabla ukurasa haujafunguka wote, kwa hiyo hata mwenye tovuti hajui ni tangazo gani limekuangukia wewe. Tapeli hununua nafasi, huweka picha ya kawaida isiyomshtua mkaguzi, na nyuma yake huficha amri ya kukuhamishia kwenye ukurasa wake. Ndiyo maana mwenzako akifungua tovuti hiyohiyo haoni kitu, na wewe ukirudi baada ya dakika tano huoni kitu pia. Mtetemo nao usikutishe: Chrome kwenye simu za Android humruhusu mwenye ukurasa kuitetemesha simu, kwa mfano wakati wa mchezo. Hapa ruhusa hiyo imetumiwa kukushtua.

Kitufe cha kurudi nyuma kinagoma kwa sababu ukurasa umejaza nakala zake ndani ya historia ya kivinjari. Ukirudi hatua moja unaangukia nakala nyingine. Usishindane nao. Wala usibofye alama ya kufunga iliyochorwa ndani ya ukurasa, kwa kuwa hiyo ni sehemu ya mchoro na inaweza kukupeleka popote. Fungua orodha ya vichupo (kurasa zilizo wazi ndani ya kivinjari), ufute kichupo kizima. Kikirudi kila unapofungua kivinjari, zima intaneti kwanza, fungua kivinjari, futa kichupo hicho, halafu washa intaneti.

Ukishatulia, pima chanzo kiko wapi. Ikiwa ilitokea kwenye tovuti moja tu, shida ni ya tovuti hiyo au ya matangazo yake, simu yako haina ugonjwa. Ikiwa inakufuata kwenye kila tovuti ndani ya kivinjari kimoja, kagua viendelezi (programu ndogo za ndani ya kivinjari) ulivyowahi kuongeza, hasa vile vya kulinganisha bei na kutafuta kuponi, ukiondoe usichokikumbuka. Ikiwa inajitokeza hata kivinjari kikiwa kimefungwa, juu ya skrini ya mwanzo, sababu ni mbili tu zinazostahili muda wako: ama ni arifa uliziruhusu bila kujua (nitazifikia), ama kuna programu chafu kwenye simu. Anza na programu zilizoingia karibuni: tochi, kisafisha simu, kibadilisha mandhari. Usipoipata, washa simu ya Android katika hali salama, ambamo programu ulizopakua mwenyewe hulazwa. Matangazo yakikoma humo, mkosaji yumo kati ya hizo. Toa moja, washa simu kawaida, subiri, toa nyingine. Inachosha, lakini inampata.

Dalili: ukurasa unajua mji wangu, kampuni yangu ya intaneti na aina ya simu yangu

Hili ndilo linalowalegeza watu. "Wangejuaje kama si wao kweli?" Kila unapofungua ukurasa wowote, kivinjari chako hupeleka anwani ya IP ili jibu lijue pa kurudi, na kuna orodha zinazoonyesha anwani ipi ni ya kampuni gani na iko takriban upande gani. Kivinjari pia hujitambulisha aina yake na mfumo wa simu. Ukurasa wa tapeli huchukua vipande hivyo na kuvipachika kwenye sentensi iliyoandikwa tayari: "Mpendwa mteja wa" nafasi, "mtumiaji wa" nafasi, "kutoka" nafasi. Ukiufungua kwa intaneti nyingine, salamu inabadilika. Angalia pia kisichokuwemo: jina lako.

Kuna hali moja tofauti kabisa, nayo usiichanganye na hii. Ujumbe ukija na jina lako kamili na bidhaa uliyoagiza kweli wiki iliyopita, basi taarifa zako zimevuja mahali, iwe dukani, kwa msafirishaji au kwa muuzaji aliyetumia jukwaa la duka. Hapo usijibu ujumbe wala kubofya. Fungua programu ya duka mwenyewe, angalia kama zawadi hiyo au tatizo hilo limeandikwa ndani ya akaunti yako, na ubadilishe nywila.

Dalili: nimejibu maswali, sasa nasubiri zawadi

Niliwahi kujibu dodoso moja la aina hii mpaka mwisho, makusudi. Nikasema nina umri chini ya miaka 18, sijawahi kununua chochote kwao, na siwezi kulipendekeza duka lao kwa mtu yeyote. Kikatokea kiduara kinachozunguka, "tunahakiki majibu yako", kisha nikapongezwa kwa kutimiza vigezo vyote. Nikaletewa masanduku tisa nichague. La kwanza tupu, la pili lina simu. Nikafungua ukurasa upya, nikachagua masanduku mengine kabisa: la kwanza tupu, la pili lina simu.

Majibu yako hayasomwi na mtu wala mashine. Kazi ya maswali ni kukuzoesha kubofya, na kukufanya uhisi umefanya kazi unayostahili kulipwa. Sanduku tupu la kwanza limewekwa kwa ujanja uleule: mtu aliyekosa kidogo kisha akapata huamini bahati yake kuliko aliyepewa tu. Ile saa inayohesabu dakika zilizobaki hurudi mwanzo ukifungua ukurasa upya. Maoni ya washindi yaliyo chini ("nilidhani ni utani, leo asubuhi nimepokea!") nayo ni maandishi yaliyobandikwa, bofya jina la aliyeandika, halikupeleki kwenye akaunti yoyote, na "dakika 3 zilizopita" itabaki dakika 3 hata kesho.

Ikiwa umejibu maswali tu na kuondoka, hujapoteza kitu. Funga, endelea na viatu vyako.

Ikiwa umeacha barua pepe au namba ya simu, kuna mtu ameshalipwa. Nyuma ya kurasa nyingi hizi kuna mfumo wa kamisheni: anayeleta mawasiliano ya mtu hulipwa kwa kila jina, na majina hayo huuzwa tena. Tegemea simu na jumbe kwa miezi kadhaa, na uzizuie zinapokuja. Lakini kwa namba ya simu, kagua jambo moja leoleo: kama salio linapungua bila maelezo. Baadhi ya kurasa hukuunganisha na huduma za ujumbe za kulipia, kwa siku au kwa wiki, na masharti yake yameandikwa kwa herufi za kijivu chini kabisa. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, waambie wakusomee huduma zote ulizojiunga nazo, na wakutoe. Usiwaulize tu kama kuna tatizo. Watakwambia hakuna, maana kwao ulijiunga mwenyewe.

Dalili: ili zawadi itoke, natakiwa kutuma kiungo kwa makundi matano au watu ishirini

Hapa unachoombwa ni watu wako. Mstari wa kijani unaojaa kila ukibofya "tuma" hauna habari na ulichofanya ndani ya WhatsApp; ukurasa hauwezi kuona ulituma kwa nani wala kama ulituma. Unahesabu mibofyo tu. Wapo waliobofya na kurudi bila kutuma, na mstari ukajaa vilevile.

Kwa nini wasikwambie usambaze ujumbe ulioupokea? Tangu 2019 WhatsApp imeweka kikomo cha mazungumzo matano kwa kila usambazaji, na 2020 ikabana zaidi ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, hadi mazungumzo mamoja kwa mara moja, ukiwa na alama ya mishale miwili. Ukitumia kitufe kilicho ndani ya ukurasa wa tapeli, ujumbe unatoka kama mpya, umeandikwa na wewe, hauna alama yoyote. Shemeji yako anauona umetoka kwako, na heshima yako ndiyo inayomfanya abofye.

Tiba yake haina ufundi. Futa ujumbe kwa wote kama muda bado unaruhusu, kisha andika kwenye makundi hayohayo kwamba kiungo ulichotuma ni cha utapeli na aliyejaza kadi aende benki. Kukaa kimya kwa aibu ndiko kunakowaumiza wengine. Hakuna mtu wa ukoo atakayekucheka zaidi ya siku mbili.

Dalili: zawadi ni bure, ila nilipie usafirishaji

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndipo pesa zinapotoka.

Ada yenyewe huwa ndogo kwa makusudi, kiasi ambacho mtu anasema hata nikikosa, basi. Anachokosea ni kudhani anachohatarisha ni hiyo ada. Ada ni njia ya kuifikia kadi, na kinachofuata hugawanyika njia mbili.

Njia ya kwanza ni wizi wa wazi. Namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma zinauzwa au zinatumiwa mara moja kununua vitu vinavyouzika upesi. Utaona malipo usiyoyajua ndani ya saa au siku.

Njia ya pili ina ujanja zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayodumu kwa sababu haifanani na wizi. Chini ya fomu, pengine nyuma ya kiungo kidogo kilichoandikwa "masharti", imesemwa kwamba kwa kulipa ada unajiunga na klabu fulani ya ununuzi au ya mazoezi, majaribio ya siku chache, kisha utakatwa kila mwezi mpaka ujitoe. Kwenye taarifa ya benki jina linalotokea halifanani na duka lolote unalolikumbuka. Mtu anakatwa miezi minne kabla hajagundua, na akidai anaonyeshwa kwamba alikubali masharti.

Jinsi ya kujua uko njia ipi: angalia kiasi na mpangilio. Malipo mengi ya viwango tofauti kwa wauzaji tofauti ni wizi. Malipo ya kiasi kilekile, siku ileile ya mwezi au kila baada ya wiki mbili, ni usajili.

Kwa wizi, funga kadi ndani ya programu ya benki sasa hivi kama kitufe hicho kipo, kisha piga simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yenyewe, uombe kadi mpya na uorodheshe malipo unayoyakataa. Namba ya huduma kwa wateja uliyoikuta kwa kutafuta mtandaoni usiiamini. Matapeli hununua matangazo ya namba za huduma kwa wateja pia.

Kwa usajili, kubadili kadi peke yake kunaweza kusitoshe. Visa na Mastercard zina huduma inayompelekea muuzaji namba mpya benki inapotoa kadi nyingine, ili usajili halali usikatike mtu anapobadilishiwa kadi. Ni huduma nzuri kwa mwenye usajili anaoutaka, na ni balaa kwako wewe. Kwa hiyo waambie benki kwa maneno haya: nafuta idhini ya muuzaji huyu kunikata, naomba mumzuie yeye kwa jina lake, na naomba asipelekewe namba yangu mpya. Kisha mwandikie muuzaji ujumbe wa kujitoa na uhifadhi nakala, hata kama unaamini hatajibu. Benki itakuuliza kama ulijaribu.

Usikawie. Kwa kadi za Visa na Mastercard kikomo cha madai mengi ni siku 120, ila benki inaweza kukuwekea muda mfupi zaidi, na kila mwezi unaopita bila wewe kulalamika unaifanya hadithi yako iwe dhaifu. Picha ya skrini ya ukurasa wa "zawadi" na masharti yake ina thamani kubwa kuliko maelezo marefu, na kurasa hizi hupotea haraka. Ipige mara tu baada ya kufunga kadi, kabla ya lolote jingine.

Aliyelipa ada kwa pesa za simu au kwa sarafu za kidijitali yuko pabaya zaidi. Pesa za simu zinaweza kuzuiwa ukiwahi kupiga kabla mpokeaji hajazitoa, na hapo kila dakika ina maana. Sarafu za kidijitali hazina benki ya kati ya kurudisha muamala. Kadi za zawadi, zile za kukwangua na kusoma namba, ni vilevile. Aliyekuomba ulipie zawadi yako kwa namba za kadi ya zawadi amejitambulisha mwenyewe.

Dalili: wameniomba namba iliyoingia kwenye SMS

Usitoe. Kama umetoa, acha kusoma uangalie mambo mawili. Soma ujumbe ulioileta namba hiyo, wote, maana umeandikwa inaidhinisha nini: malipo ya kiasi fulani, kuingia kwenye akaunti ya WhatsApp, kubadili nywila ya barua pepe. Kisha nenda mahali hapo hapo. Ikiwa ni benki, piga simu. Ikiwa ni WhatsApp, sajili namba yako upya kwenye simu yako ili mwingine atolewe, halafu weka uthibitishaji wa hatua mbili. Ikiwa ni barua pepe, badili nywila na uondoe vifaa vyote vilivyoingia, na hii ifanye kabla ya akaunti nyingine, kwa sababu anayeshika barua pepe yako anaweza kufungua upya zote zilizobaki.

Hakuna zawadi duniani inayohitaji umsomee mtu namba hiyo.

Dalili: kiungo kina jina la duka ninalolijua, na kina kufuli

Tuanze na kufuli. Alama ile ilimaanisha jambo moja tu, kwamba mazungumzo kati yako na tovuti yamefungwa yasisomwe njiani. Haikumaanisha kamwe kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu. Vyeti vya kufunga mawasiliano vinapatikana bure, shirika la Let's Encrypt limekuwa likivigawa kwa umma tangu mwishoni mwa 2015, na tapeli anavipata kwa dakika chache kama mtu mwingine yeyote. Watu walilielewa kufuli vibaya kiasi kwamba Chrome ililiondoa kwenye upau wa anwani mwaka 2023 na kuweka alama ya mipangilio. Anayekufundisha leo "tafuta kufuli" anakufundisha somo lililochakaa. Hali ni hiyohiyo kwa "tafuta makosa ya lugha": kurasa za sasa huandikwa kwa lugha safi kuliko barua za maduka mengi halali.

Kinachosomeka kwa uhakika ni anwani, mradi uisome kutoka kulia. Chukua sehemu iliyo kati ya mikwaju miwili ya mwanzo na mkwaju unaofuata, kisha tazama maneno mawili ya mwisho. Katika

https://dukalako.com.pokea-zawadi.example/mshindi

mwenye nyumba ni pokea-zawadi.example. Hilo "dukalako.com" ni pambo mlangoni; mwenye kikoa, yaani jina hilo la tovuti lililosajiliwa, anaweza kuandika mbele yake neno lolote atakalo. (Nimetumia .example kwa kuwa mwisho huo umetengwa kwa ajili ya mifano, hautampeleka mtu kokote.) Miisho yenye sehemu mbili, kama .co.uk, hesabu maneno matatu. Kistari nacho hubadilisha mwenye nyumba: dukalako-zawadi si tawi la dukalako, ni kikoa kingine ambacho yeyote angeweza kukisajili. Na ukiona alama ya @ kabla ya mkwaju huo, kila kilicho kushoto kwake hakihesabiki.

Kuna herufi zinazofanana pia. Herufi "а" ya Kikirili, alfabeti inayotumiwa na Kirusi, huwezi kuitofautisha kwa macho na "a" yetu. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili kikoa kilichoandikwa kwa Kikirili kitupu, na Chrome na Firefox za wakati ule zikakionyesha kama apple.com. Chrome imerekebishwa tangu hapo, na mara nyingi itakuonyesha anwani ya namna hiyo ikianza na xn--. Ukiona herufi hizo mbele ya jina la duka, ondoka.

Kwenye simu anwani hukatwa kwa ufinyu wa skrini. Iguse ifunguke yote kabla ya kuisoma. Na njia isiyohitaji kusoma anwani kabisa: achana na kiungo, fungua programu ya duka au andika anwani yao kwa mkono. Zawadi ya kweli itakuwa imekungoja ndani ya akaunti yako.

Dalili: arifa za "umeshinda" zinaendelea kuingia hata baada ya kufunga kila kitu

Kumbuka kama kuna ukurasa ulikuambia "Bofya Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti". Ulikuwa unaupa ruhusa ya kukutumia arifa. Kwenye Chrome fungua Mipangilio, kisha Mipangilio ya Tovuti, kisha Arifa, uondoe kila tovuti usiyoitambua. Zitakoma papo hapo. Kufuta historia peke yake si dawa ya kuitegemea hapa.

Kwenye iPhone dalili hiyo huja mara nyingi kama matukio ya kalenda: "Zawadi yako inaisha leo", kila saa. Umejiunga na kalenda ya mtu. Usifute tukio moja moja; fungua programu ya Kalenda, orodha ya kalenda, tafuta ile usiyoijua na ujitoe kwayo yote.

Dalili: inaonekana kweli, na inawezekana ni kweli

Maduka hutoa zawadi na hufanya utafiti wa wateja, nisiseme uongo. Dodoso halali huja baada ya jambo fulani: ulinunua, ulipiga simu huduma kwa wateja, ulirudisha bidhaa. Linakutajia agizo hilo. Zawadi yake mara nyingi ni nafasi ya kuingia kwenye bahati nasibu au punguzo dogo, na masharti yanataja nani anaendesha, mwisho lini, na mshindi atapatikanaje. Linaweza kuboa kwa maswali ishirini. La tapeli halichoshi hata kidogo, na kila anayelijaza ameshinda.

Eneo lenye ukungu ni ukurasa unaotokea mara tu baada ya kulipa kwenye duka halali: "Asante! Dai zawadi yako ya shukrani." Duka linaweza kuwa limeuza nafasi hiyo kwa kampuni nyingine inayouza uanachama wa kulipia. Marekani tabia hii ilikithiri mpaka ikatungiwa sheria Desemba 2010, inayokataza duka la kwanza kumpa muuzaji huyo wa pili namba ya kadi ya mteja. Lazima aiombe upya kwa mteja mwenyewe. Kanuni hiyo inafaa kuibeba hata pasipo na sheria hiyo: ununuzi wako umeisha ulipopata namba ya agizo. Ukurasa wowote unaoomba kadi baada ya hapo ni biashara mpya, na usome kama biashara mpya.

Ile kadi ndogo ndani ya kifurushi yenye msimbo wa QR, "toa nyota tano upate zawadi", ni jambo jingine tena. Huenda zawadi ikaja kweli. Ni muuzaji ananunua sifa, na majukwaa makubwa yanakataza. Lakini usijaze kadi wala nywila ya duka kwenye ukurasa unaofunguka na msimbo huo.

Dalili: nimeshalizwa, na sasa kuna mtu anasema anaweza kunirudishia pesa

Anajua kiasi ulichopoteza na tarehe. Anajiita wakili, mpelelezi, au kitengo cha kupambana na uhalifu, na anachotaka ni ada ya kufungua jalada tu. Anajua hayo kwa sababu orodha za waliokwisha kulizwa zinauzwa ghali kuliko orodha za kawaida, na mara nyingi ni watu walewale kwa jina jipya. Dai lako la benki unalifungua benki yenyewe, si kwa mtu aliyekupigia, na polisi hawakufuati kwa WhatsApp kukuomba namba ya kadi.

Mzuie, hifadhi namba yake pamoja na zile picha za skrini, na uziweke zote kwenye dai lako la benki na kwenye taarifa yako ya polisi. Namba ya mtu huyu wa pili inaweza kuwa na manufaa kuliko ukurasa wa kwanza, ambao kwa wakati huo utakuwa umeshafungwa.